Homa ya uti wa mgongo ikilipuka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu mengi hapa yanaegemea mlipuko wa mwaka 2021 katika wilaya ya Banalia, jimbo la Tshopo nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kaskazini mwa mji wa Kisangani. Ni mlipuko ulioua nusu ya wagonjwa waliojulikana mwanzoni, na ukazimwa kwa hatua ambazo hazina siri yoyote. Anayetaka kuelewa maofisa wa afya hufanya nini, na kwa nini wakati mwingine huonekana wamechelewa, aanzie Banalia.

Homa ya uti wa mgongo ni nini hasa?

Ni uvimbe wa tando zinazofunika ubongo na uti wa mgongo. Unaweza kuletwa na virusi, bakteria, kifua kikuu, hata fangasi. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki, mtu mzima mwenye VVU akilazwa kwa ugonjwa huu, mara nyingi chanzo ni fangasi ya kriptokoka, ambayo haimwambukizi mtu wa kitanda cha pili. Inayoleta milipuko mikubwa ni bakteria iitwayo meningokoka, na hiyo ndiyo tunayoizungumzia hapa.

Meningokoka hukaa puani na kooni. Wakati wa kawaida, mtu 1 hadi 10 kati ya 100 huwa nayo na haumwi chochote. Kwenye mlipuko idadi hiyo hupanda. Hupita kwa mate na makohozi: kukoholeana karibu, kubusiana, kulala chumba kimoja kilichojaa watu. Haipiti kwa maji ya kisima wala kwa mbu. Tangu kuambukizwa hadi kuugua ni siku 2 hadi 10, mara nyingi siku 4.

Banalia kulitokea nini?

Banalia ni msitu, mto Aruwimi na machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Watu walianza kuugua katikati ya mwaka 2021. Sampuli zilisafirishwa mpaka Taasisi ya Pasteur jijini Paris, ikathibitika kuwa ni meningokoka, na tarehe 8 Septemba serikali ya Kongo ikatangaza mlipuko. Siku hiyo hesabu ilikuwa wagonjwa 261 wanaoshukiwa na vifo 129.

Mwaka 2009 Kisangani ilikuwa na mlipuko wa ugonjwa huo huo: watu 214 waliugua, 15 wakafariki. Jimbo ni lile lile, ugonjwa ni ule ule, lakini tofauti ya vifo ni kubwa mno. Kisangani ni mji wenye hospitali na barabara. Banalia mgonjwa husafirishwa kwa pikipiki au mtumbwi, na anayemfikia mhudumu wa kwanza hukuta sanduku la dawa lililokaribia kuwa tupu.

Baada ya kutangazwa, timu zilikwenda, dawa zikafika hadi zahanati za pembeni, wagonjwa wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba, na mwezi Oktoba chanjo ikaanza kutolewa. Mlipuko ulipokwisha, walioorodheshwa walikuwa zaidi ya 2,000 na vifo takribani 200. Yaani sehemu kubwa ya vifo vyote ilitokea kabla ya tangazo.

Kwa hiyo ugonjwa ulipungua ukali?

La. Mambo mawili yalibadilika pamoja. Kwanza tiba ilifika. Pili, hesabu yenyewe ilibadilika: mwanzoni walioonekana walikuwa mahututi na maiti, wenye dalili nafuu hawakuhesabiwa na mtu. Wakianza kutafutwa, idadi ya wagonjwa hupanda ghafla na kiwango cha vifo hushuka. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kazi nzuri kwenye mlipuko huonekana kama wiki mbaya kuliko zote, na magazeti huandika kuwa hali imezidi. Usiogope idadi ya wagonjwa peke yake. Uliza wangapi wanakufa, na je, wanatoka vijiji vipya?

Dalili zipi nizitazame?

Homa kali ya ghafla, kichwa kuuma vibaya, kutapika, shingo kukakamaa hata mgonjwa asiweze kugusisha kidevu kifuani, macho kuumia mwangani, kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida. Mtoto mchanga huwa na shingo laini tu. Kwake tazama utosi uliovimba, kukataa kunyonya, kulia kwa sauti kali akibebwa, au mwili kulegea.

Madoa mekundu au ya zambarau ni ishara ya bakteria kuingia kwenye damu. Maelekezo mengi yameandikwa kwa kuitazama ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu tazama viganja, nyayo, ndani ya kope na ndani ya mdomo. Bonyeza kwa glasi: doa lisipopotea, usisubiri asubuhi.

Na degedege. Pwani na bara, mtoto akishikwa na degedege wapo watakaosema ni jambo la mganga, si la hospitali. Wazazi hawana ubaya, wanafanya walichokiona kwa wazazi wao. Lakini ugonjwa huu unaweza kumwua mtu ndani ya saa 24 tangu dalili ya kwanza, na safari ya kwenda kwa mganga na kurudi ndiyo muda wote aliokuwa nao mtoto.

Kipimo cha malaria kimeonyesha mgonjwa ana malaria. Si basi?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Mahali penye malaria nyingi, watu wengi hutembea na vimelea kwenye damu bila kuumwa. Kipimo kikisoma malaria kinathibitisha kuwa vimelea vipo. Hakithibitishi kwamba ndivyo vilivyokakamaza shingo. Mwenye dalili za hatari hutibiwa yote mawili hadi daktari atakapojua zaidi. Mhudumu akikuandikia dawa ya mseto na kukuruhusu uondoke na mgonjwa anayeweweseka, muulize waziwazi: "Daktari, na uti wa mgongo je?" Si utovu wa adabu.

Wagonjwa wangapi ndio mlipuko?

Shirika la Afya Duniani limeweka vizingiti viwili kwa nchi za ukanda wa ugonjwa huu, yaani nchi za Afrika zilizo kwenye hatari zaidi. Penye watu 30,000 au zaidi, wagonjwa 3 kwa kila watu 100,000 ndani ya wiki moja ni tahadhari, na 10 kwa kila 100,000 ni mlipuko. Penye watu chini ya 30,000, wagonjwa 2 katika wiki ni tahadhari na 5 ni mlipuko.

Tufanye hesabu. Wilaya ndogo ya watu 60,000 hufika kwenye mlipuko ikipata wagonjwa 6 tu ndani ya wiki. Sita! Zahanati tatu zikipata wawiliwawili na kila moja ikakaa na daftari lake, hakuna atakayeona kitu. Thamani ya ripoti ya kila wiki iko hapo, ile ambayo wahudumu huiona ni karatasi za kuwaridhisha wakubwa. Kizingiti cha tahadhari nacho si cha kungoja: kikifikiwa, sampuli huchukuliwa, dawa huhesabiwa, na vijiji jirani huulizwa.

Kwa nini wanachoma sindano mgongoni? Si ndiyo inayopoozesha watu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hofu kuliko yote, na linastahili jibu la kina.

Maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo ndiyo mahali pa uhakika pa kumkamata mhalifu. Kwa mtu mzima, uti wenyewe huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali ambapo kuna nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji, si uti. Mgonjwa hulala ubavu amejikunja, magoti kifuani. Ngozi husafishwa, maji kidogo hutoka tone kwa tone. Baadaye wengine huumwa kichwa au mgongo kwa siku kadhaa.

Imani kwamba sindano hii inaua ina chanzo chake. Wengi waliochomwa walikuwa wameletwa siku ya tatu au ya nne, wakiwa hawajitambui. Baadhi walifariki, baadhi walipona wakiwa na ulemavu ulioletwa na ugonjwa wenyewe, na jirani aliyekuwa mlangoni alikumbuka sindano. Kuna wagonjwa ambao daktari huahirisha kuwachoma, kwa mfano wenye dalili za shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Hao huanzishiwa dawa kwanza. Na hata kwa wengine, kipimo kikichelewa dawa isichelewe nacho.

Maji ya kawaida ni maangavu kama ya kunywa. Yakiwa na ukungu au kama maji ya mchele, mhudumu wa zahanati isiyo na darubini ameshapata jibu la kumtosha kuanza tiba. Mengine ni ya maabara: darubini, kuotesha bakteria, kipimo cha vinasaba.

Kama tiba ni ile ile, kwa nini wang'ang'anie kujua aina?

Kwa sababu dawa humtibu mgonjwa bila kujali aina, lakini chanjo hailindi dhidi ya aina isiyolengwa. Meningokoka ina makundi mengi. Yanayosumbua zaidi ni A, B, C, W, X na Y. Chanjo ya A haizuii W. Banalia ilikuwa W.

Historia yake ni hivi. Kwa miaka mingi A ndiyo iliyotesa Afrika. Msimu wa 1996 na 1997 zaidi ya watu 250,000 waliugua na takribani 25,000 wakafa, hasa katika nchi za Sahel, ukanda mkavu ulio kusini mwa jangwa la Sahara. Mwezi Desemba 2010 Burkina Faso, Mali na Niger zilianza kutoa chanjo mpya ya A, iliyobuniwa kwa ajili ya Afrika na kuuzwa kwa chini ya nusu dola kwa dozi. Mamia ya mamilioni ya watu wakachanjwa. Tangu 2017 hakujathibitishwa mgonjwa wa A katika ukanda huo. Ni ushindi ambao hausemwi vya kutosha.

Lakini C ililipuka Niger mwaka 2015 na Nigeria mwaka 2017, ambako vifo vilipita 1,000. W ililipuka Burkina Faso mwaka 2002 na kisha Banalia. Jibu la maabara ndilo linaloamua ni chanjo gani ipakiwe kwenye ndege. Bila maji ya mgongo, hakuna jibu.

Mtoto wangu alishachanjwa dhidi ya ugonjwa huu. Kwa nini wanataka kumchanja tena?

Huenda alipewa ile ya A. Angalia kadi. Wakija na chanjo yenye W, hawarudii kazi ile ile, na hakuna hatari kwa aliyepata ya A kupata nyingine. Kuna chanjo ya aina tano, A, C, W, Y na X, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023. Nigeria ilikuwa nchi ya kwanza kuitumia, mwaka 2024. Ikienea, swali hili litapungua. B haimo ndani yake, ila B si tatizo kubwa katika milipuko ya ukanda wetu.

Chanjo zipo duniani. Kwa nini zisifike kesho?

Kuna akiba ya kimataifa ya dharura, inayosimamiwa tangu 1997 na kamati ya mashirika manne: Shirika la Afya Duniani, UNICEF, Madaktari Wasio na Mipaka, na Shirikisho la Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Nchi hupeleka maombi yenye takwimu, majibu ya maabara na mpango wa kuchanja. Kamati hulenga kuamua ndani ya saa 48, na chanjo kufika nchini ndani ya siku 7. Baada ya hapo kuna majokofu, barabara, mafuta ya pikipiki, na wachanjaji wa kulipwa posho. Kisha mwili wenyewe huhitaji siku 7 hadi 14 kujenga kinga.

Jumlisha. Hata kila mtu akifanya kazi yake vizuri, chanjo haiwezi kumwokoa anayeambukizwa leo. Huokoa wa wiki ya nne na ya tano. Kwa hiyo kijiji kikisema "tungoje chanjo", kimekosea mpangilio: wiki za mwanzo watu huokolewa na dawa na kuwahi. Na wachanjaji wakifika kijijini wakati wagonjwa wameanza kupungua, msiwarudishe.

Anatibiwaje, na ni bure?

Dawa kuu ni sindano ya seftriaksoni. Katika milipuko barani Afrika, hutolewa mara moja kwa siku kwa siku 5, na siku 7 kwa watoto wadogo sana. Mtoto mchanga wa wiki chache ana utaratibu wake, kwa sababu bakteria zinazompata ni tofauti. Zahanati iliyo mbali na hospitali humchoma dozi ya kwanza kabla ya safari. Dozi hiyo moja, ikitolewa mapema, huweza kuwa ndiyo iliyomwokoa.

Tiba wakati wa mlipuko inapaswa kuwa bure, na hapa nasema bila kuzungusha: pale familia inapoambiwa inunue bomba la sindano kwanza, mlipuko hauzimiki. Watu watakaa nyumbani.

Bila tiba, nusu ya wagonjwa wanaweza kufa. Wakitibiwa mapema, kati ya 100 hufa karibu 10.

Tuliolala naye nyumba moja tumeze dawa?

Mnaolala chumba kimoja, mnaokula pamoja, mpenzi wake, na mhudumu aliyempumulishia kwa mdomo: ndiyo, upesi, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kawaida ni dozi moja ya vidonge vya sipro (siprofloksasini), au sindano moja ya seftriaksoni, ambayo ndiyo inayopendelewa kwa mjamzito. Rifampisini nayo hutumika kwa siku mbili. Hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa na kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango, jambo ambalo akina mama huambiwa kwa nadra.

Aliyekutana naye sokoni au aliyekaa naye kwenye daladala kwa nusu saa hahitaji.

Je, kijiji kizima kimeze? Zamani, mlipuko ukishakuwa mkubwa, nchi za ukanda zilishauriwa ziache kabisa kugawa dawa kinga na ziweke nguvu kwenye tiba na chanjo. Mwaka 2017 wilaya ya Madarounfa, Niger, ilijaribu: vijiji vingine kila mtu alipewa dozi moja ya sipro, vingine familia za wagonjwa tu, vingine hakuna. Kijiji kizima kilipomeza, wagonjwa wapya walipungua kwa takribani asilimia 60. Familia peke yake, tofauti haikuonekana wazi. Lakini hilo ni zoezi la wataalamu kwa siku moja, kwa wote. Kila mtu kununua sipro dukani kwa wakati wake ni kitu kingine, na huzaa bakteria sugu.

Shule, ibada na machimbo yafungwe?

Kwa kawaida hapana. Wabebaji wengi hawaumwi, kwa hiyo kumfungia mtoto nyumbani kwenye chumba cha watu saba hakumkingi kuliko darasa lenye madirisha wazi. Karantini ya kijiji hufanya baya zaidi: watu huficha wagonjwa. Kinachosaidia ni kupunguza msongamano wa kulala. Mabweni ya shule, kambi za wachimbaji, magereza na kambi za wakimbizi ndizo za kutazamwa kwanza. Vitanda viachane, madirisha yafunguliwe usiku.

Mgonjwa mwenyewe hutengwa mpaka saa 24 zipite tangu aanze dawa. Baada ya hapo anayemuuguza asiogope kumshika mkono.

Na maiti? Watakuja kutunyang'anya kama Ebola?

Hapana. Katika Kongo ya mashariki kumbukumbu ya mazishi ya Ebola bado mbichi, na ilitosha kuwafanya watu wakimbie gari lolote la afya. Meningokoka haidumu nje ya mwili. Familia inaweza kumwosha na kumzika ndugu yao kwa desturi na dini yake. Glavu na kunawa mikono vinatosha, na kumbusu usoni muepuke. Maofisa wanaokuja na nguo za Ebola kwenye mlipuko huu wanajiharibia kazi wenyewe.

Vitunguu saumu, kujifukiza, maji ya chumvi?

Havizuii wala havitibu.

Tanzania, Kenya, Rwanda inatuhusu nini?

Shirika la Afya Duniani linahesabu nchi 26 za Afrika kuwa kwenye hatari zaidi, na Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo zimo. Hatari haiko sawa kila mahali. Sahel ina msimu wake, Desemba hadi Juni, wakati vumbi na upepo mkavu vinapochubua koo. Banalia iko msituni karibu na ikweta na ililipuka nje ya kalenda hiyo. Kwa hiyo asiyekaa kwenye vumbi asijihesabu salama kwa hilo tu.

Naenda Hija au Umra. Nifanye nini?

Chanja, mapema. Mwaka 1987 mahujaji walirudi makwao na aina A; mwaka 2000 wakarudi na W, ikasambaa nchi nyingi. Saudi Arabia sasa hudai cheti cha chanjo ya A, C, W na Y, iliyotolewa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Cheti cha chanjo ya kisasa hukubalika kwa miaka 5, ile ya zamani miaka 3. Hakikisha kituo kimeandika ni ipi.

Wa Hija hukaguliwa sana. Wa Umra, hasa wanaosafiri wenyewe kutoka Muscat, Dubai au London kwa tiketi ya haraka, ndio huchomoka. Masika ya mwaka 2024 wasafiri wa Umra na watu wao wa karibu waliugua Marekani, Uingereza na Ufaransa, na wengi wao hawakuwa wamechanjwa.

Amepona. Kuna la kufuatilia?

Lipo. Kati ya 10 wanaopona, mmoja au wawili hubaki na tatizo: uziwi, kifafa, udhaifu wa viungo, kuchelewa masomo. Uziwi ndio unaokosewa zaidi. Mtoto anarudi darasani, haitiki, anaitwa mkaidi na anachapwa. Apimwe masikio kabla ya kutoka hospitali au ndani ya wiki nne, na mwalimu aambiwe alichougua, ili amketishe mbele.